Nilimwacha dume kwa kuwa sikuweza kuhesabu ncha za pembe

*Shikamoo kaka mkubwa,*

*Nakuandikia kutoka Greeley, Colorado. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, na huku Marekani huu ni mwaka wangu wa saba. Nafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Nina mke na watoto wanne.*

*Uwindaji nilianza miaka miwili iliyopita. Mwenzangu wa kazini alinipeleka milimani, tukarudi na elki jike (elki ni aina ya kulungu mkubwa wa huku), nyama ikajaza friza mpaka Pasaka. Tangu siku hiyo moyo wangu umekaa huko. Mafunzo ya uwindaji nimesoma, kadi ninayo, bunduki nilinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama.*

*Novemba iliyopita nilikuwa na kijana wangu wa miaka 14 upande wa Walden. Jua lilikuwa limeshazama, ikabaki kama robo saa ya mwanga ambao sheria inaruhusu. Ng'ambo ya bonde dume akatoka kwenye misonobari na majike sita. Nakadiria mita 900. Nina darubini ya macho mawili, 10x42, yaani inavuta mara 10 na lenzi ya mbele ni milimita 42. Nikahesabu ncha za pembe nikapata tatu. Nikarudia nikapata nne. Mikono inatetemeka kwa baridi, miwani imeingia ukungu wa pumzi zangu. Kijana naye akaangalia, akasema baba, mimi naona tatu. Nikamwambia basi, tuache. Wakarudi msituni, giza likaingia. Nina hakika kama asilimia tisini kwamba alikuwa dume halali. Bado inaniuma.*

*Nimeweka pesa za ovataimu, dola 500, ninunue ile darubini ndefu ya jicho moja inayokaa kwenye stendi. Sasa kila mtu ana lake. Shemeji yangu amenitumia picha ya moja ya dola 110, inavuta mara 20 hadi 60, lenzi ya mbele milimita 80, na stendi unapewa bure. Nikisita ananiambia mchagua jembe si mkulima. Mmarekani mmoja kazini anasema chini ya dola 2,000 usitupe hela yako. Mama watoto anasema pesa hiyo tungemtumia bibi yao kule kambini, na kwani ile ya macho mawili ina ubaya gani?*

*Naomba uniambie ukweli. Ninunue ipi? Mara 60 si bora kuliko mara 40? Kuna zilizonyooka na kuna zilizopinda nyuma, tofauti yake nini? Navaa miwani. Na huwa natembea kilomita nne au tano kutoka kwenye gari, mgongoni nina mzigo.*

*Mwindaji mgeni, Greeley*



Marahaba mdogo wangu, na hongera.

Hongera ya kwanza ni ya yule dume uliyemwacha. Wengi wamesimama pale uliposimama wewe, mwanga unakimbia, asilimia tisini ya uhakika mkononi, na wakafyatua. Katika maeneo mengi ya Colorado dume halali ni yule mwenye ncha 4 au zaidi upande mmoja wa pembe, au mwenye ncha ya kipajini, ile ya kwanza kabisa inayochomoza mbele juu ya uso, yenye urefu wa inchi 5 au zaidi. Na ncha haihesabiki kuwa ncha mpaka ifikie inchi 1. Kijitabu cha Colorado Parks and Wildlife, idara ya wanyamapori ya jimbo, hutaja kila mwaka namba za maeneo yenye sharti hilo, kwa hiyo soma cha mwaka huu, usitegemee cha mwaka jana. Asilimia tisini mbele ya sharti la namna hiyo haitoshi. Kijana wako alikuwa pembeni akamwona baba yake akishusha darubini na kusema tuache. Darasa hilo hakuna mwalimu wa kadi ya uwindaji angeweza kumpa.

Sasa tuongee vyombo. Wewe hutafuti darubini ya kutazama mandhari. Unataka kuhesabu vitu vya inchi moja na kupima kitu cha inchi tano ng'ambo ya bonde, jioni, kwenye baridi. Ukishika hilo, maneno ya shemeji na ya yule Mmarekani yanapungua uzito.

Hesabu yake si ngumu. Gawa umbali kwa nguvu ya kuvuta. Dume wa mita 900 ukimtazama kwa darubini yako ya mara 10, unamwona kama yuko mita 90. Kwa mara 30, kama yuko mita 30, yaani ng'ambo ya barabara ya mtaani kwenu. Mita 30 ncha za pembe unazihesabu bila shida. Kwa mara 60 ingekuwa mita 15, na hapo ndipo shemeji yako anapopigia debe. Ila hesabu hii haijui mambo matatu: mwanga, hewa, na mtetemeko.

Tuanze na mwanga. Chukua hiyo 10x42 yako sasa hivi, ishike mbali na uso kama urefu wa mkono, ielekeze dirishani penye mwanga. Kwenye vioo vya nyuma utaona viduara viwili vyeupe. Hicho kiduara ndicho mwanga wote unaoingia jichoni mwako, na upana wake unaupata kwa kugawa lenzi ya mbele kwa nguvu ya kuvuta. 42 gawa kwa 10, milimita 4.2. Darubini ya shemeji ikiwa mara 60, ni 80 gawa kwa 60, milimita 1.3. Jicho lako jioni limefunguka linatafuta mwanga, wewe unalipatia tundu la sindano. Picha inakuwa kubwa na imekufa, kahawia juu ya kahawia. Mimi hupenda kiduara kisipungue milimita 2 saa za jioni. Kwa lenzi ya milimita 65 maana yake ni kuishia karibu mara 30. Kwa lenzi ya 50, mara 25. Kwa lenzi ya 80, mara 40. Kwa hiyo hata darubini kubwa ile ingekuwa nzuri kiasi gani, wakati ule wa dume wako usingeitumia mara 60.

Hewa nayo. Umewahi kuona barabara ya lami inavyochezacheza saa nane mchana, kama kuna maji juu yake? Ni mazigazi, na milimani yapo pia, hata penye theluji, maana mawe yanapata jua na hewa ya joto inapanda. Darubini inakuza mnyama pamoja na hayo mazigazi. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi siku yenye jua, kuvuta zaidi ya mara 30 mara nyingi ni kutazama pembe zinazoyeyuka. Chombo cha dola 2,000 hakiwezi kuifuta hewa. Kuna mazigazi mengine tunayatengeneza wenyewe: kuangalia kupitia dirisha la gari lenye hita, au kutoa darubini kwenye gari la moto na kuitumia papo hapo. Itoe nje, iache dakika ishirini ipoe kwanza.

Mtetemeko ndio ninaotaka tukae nao, kwa sababu ndio uliokunyima yule dume na hakuna aliyekutajia.

Darubini yangu ya kwanza ya jicho moja ilikuwa jamaa ya hiyo ya shemeji yako. Mara 20 hadi 60, stendi ya bure, miguu ya plastiki mirefu kama ya korongo. Asubuhi moja ya Oktoba niliiweka juu ya mgongo wa mlima, upepo mdogo tu, ule wa kutikisa majani ya aspeni. Nikavuta mpaka mwisho, nikaona ng'ambo mnyama amelala ukingoni mwa msitu, mgongo wa rangi ya majani makavu, shingo nyeusi. Picha ilikuwa inatetemeka, na mimi mtetemeko ule nikauona ni mnyama anatikisa kichwa. Nilishuka bonde, nikapanda la pili, saa mbili na nusu za kutembea kimyakimya, nikakuta gogo lililoungua upande mmoja. Niliporudi juu, nyayo mbichi za kundi la elki zilikuwa zimekatiza pale pale nilipokuwa nimekaa. Leseni yangu mwaka ule iliisha hivyo. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba stendi ndiyo nusu ya darubini, na nikilazimishwa kuchagua, ndiyo nusu kubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utakushangaza. Kabla ya kununua darubini yoyote, nunua stendi. Tenga dola 150 hivi katika zile 500. Tafuta ya alumini, maana ya kaboni ni nyepesi lakini kwa bei hiyo utauziwa jina tu. Iwe na uzito wa kilo moja na nusu mpaka mbili. Kichwa chake kiwe kile cha kupiga video, chenye mkono mmoja wa kugeuza na mafuta ndani, kinachokwenda taratibu kushoto na kulia na kubaki pale unapokiacha. Kile cha mpira unaozunguka kila upande ni kizuri kwa wapiga picha, lakini kwako kitainamisha darubini kila ukiachia. Dukani fungua miguu nusu tu, bonyeza kwa kiganja, gonga mguu mmoja kwa kidole, utazame inachukua muda gani kutulia. Ile nguzo ya katikati usiipandishe. Wewe utakuwa umekaa chini au umepiga goti, na stendi fupi ni stendi tulivu. Upepo ukija, ning'iniza begi lako katikati ya miguu, ila liguse ardhi kidogo, lisigeuke pendulamu.

Alumini kwenye baridi ya Novemba inauma vidole. Kata mpira wa ndani wa baiskeli, ule ule tuliofungia mizigo kwenye keria, uzungushe sehemu ya juu ya miguu miwili. Hautelezi, na hauna gharama.

Halafu nunua kile kishikio kidogo cha kufunga darubini ya macho mawili juu ya stendi. Darubini nyingi za 10x42 zina kifuniko kidogo mbele, katikati ya mirija miwili, ukikifungua kuna tundu la skrubu. Ukishaifunga hiyo 10x42 yako, kaa uwanjani, tazama mti wa mbali. Utashangaa ulikuwa unaibia macho yako miaka miwili. Vitu ambavyo hukuwahi kuviona vitajitokeza: ndege ametua, waya wa uzio, sikio la ng'ombe. Hapo mwambie mama watoto ukweli: ile ya macho mawili haina ubaya wowote, na kazi ya kutafuta mnyama bado itakuwa yake kwa asilimia kubwa. Darubini ndefu inatazama kipande kidogo sana cha mlima. Ukitafuta nayo utachoka kabla ya kuona kitu. Macho mawili yanatafuta, jicho moja linathibitisha.

Na kama mwaka huu pesa ya kwenda Nyarugusu ni ya lazima, ugonjwa au ada au paa la nyumba, nunua stendi na kishikio, zinazobaki mtumie bibi, na uende msituni hivyo hivyo. Ukiwa mita 500 na mikono haitetemeki, mara 10 inaweza kukuhesabia pembe vizuri kabisa wakati mwanga upo. Sisemi hivi kukufariji. Kuna wawindaji wazuri wa elki ambao hawajawahi kubeba darubini ndefu, wanasogea karibu.

Lakini kama hali inaruhusu, zimebaki kama dola 330. Nikizingatia unatembea kilomita tano na mzigo, na unachotaka ni ncha za pembe za elki, ningekwenda kwenye lenzi ya milimita 60 hadi 65. Zile za 80 na 85 zinaona vizuri zaidi jioni, sibishi, ila ni mzigo, na mzigo unaoachwa kwenye gari hauhesabu pembe. Mfano mmoja ni Vortex Diamondback HD ya 16-48x65. Mpya itakula sehemu kubwa ya bajeti yako, kwa hiyo tafuta iliyotumika. Kampuni hiyo inatoa dhamana ya maisha inayofuata chombo hata kikibadilisha mikono, na risiti hawadai. Kwa mtu anayenunua kitu kilichotumika, hiyo ni thamani kubwa. Kama mgongo una matatizo, iko Kowa TSN-501, 20-40x50, gramu 400 tu, unaisahau kwenye begi. Jioni itakuangusha mapema zaidi, lakini asubuhi na mchana inafanya kazi ya heshima. Yule Mmarekani wa dola 2,000 hakudanganyi, vioo vya bei hiyo ni vizuri mno, nimewahi kuazimwa kimoja kwa siku mbili nikakirudisha kwa shingo upande. Ila anayewinda kondoo wa pembe za kuzunguka kwenye majabali, anayepima pembe za kilomita tatu, ndiye kimemfaa. Wewe unatafuta nyama na uhalali.

Ya dola 110 iache. Stendi ya bure ndiyo inayoniambia waliounda walidhani nani atainunua.

Umeuliza iliyonyooka au iliyopinda. Chukua iliyopinda. Unatazama chini kwenye kioo kama unatazama kisima, shingo haichoki unapotazama mlima ulio juu yako, na stendi inakaa chini zaidi. Zaidi ya hapo, uko na kijana. Wewe ukishamwona mnyama, unasogea pembeni naye anainama kutazama bila kugusa stendi. Iliyonyooka ni rahisi kulenga haraka na inawafaa wanaotazamia dirishani mwa gari. Kwenye iliyopinda, wiki mbili za kwanza utakuwa unapoteza ulengaji, utatazama anga ukidhani unatazama msitu. Anza kila mara kwa nguvu ndogo kabisa, mpate mnyama, weka katikati, ndipo uvute.

Miwani: uliza umbali ambao jicho linaweza kukaa mbali na kioo cha nyuma na bado likaona picha yote. Usikubali chini ya milimita 15. Ila usiamini karatasi. Vaa miwani yako, kunja ule mpira wa jichoni ushuke, tazama. Ukiona picha ni tundu dogo lenye giza kuzunguka, hiyo si yako hata kama ni zawadi. Na ule ukungu wa miwani mara nyingi unatoka kwenye kitambaa cha mdomoni, kinapandisha pumzi moja kwa moja kwenye kioo. Shusha kitambaa chini ya kidevu kabla ya kutazama. Jicho lingine usilifumbe kwa nguvu, linachosha hilo linalofanya kazi. Lifunike kwa kofia au kiganja likiwa wazi.

Sasa namna ya kupima iliyotumika, na hapa nakuomba usione haya mbele ya muuzaji. Mwambie mkutane nje, si ndani ya duka wala sebuleni. Washa tochi ya simu, mulika kutoka mbele, chungulia ndani: ukungu mweupe au nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, rudisha. Itikise taratibu sikioni, isilie. Zungusha pete ya kuongeza nguvu ya kuvuta kutoka mwanzo hadi mwisho, iende laini kote. Lenga ukingo wa paa au tawi kavu dhidi ya anga jeupe. Mstari wa zambarau au kijani pembeni ya tawi utauona kidogo kwenye kila chombo cha bei hii, lakini ukiwa mnene kama kalamu, pembe za elki dhidi ya theluji zitavaa rangi hiyo hiyo.

Kisha mtihani wa mwisho, na huu nimewatengenezea watu kadhaa. Chukua maboksi mawili ya ndizi. Kwenye la kwanza chora pembe yenye ncha tatu, kwenye la pili ncha nne, rangi ya kahawia juu ya kahawia, usiwarahisishie macho yako. Kila ncha iwe na upana wa kidole. Kwenye moja ongeza ncha ya kipajini ya inchi 5 kamili, kwenye lingine ya inchi 3. Hapo Greeley mna barabara za mashambani zilizonyooka kama rula. Mwenye gari ampeleke kijana mita 900 mbele, asimame pembeni kabisa mwa barabara na fulana yake ya rangi ya chungwa, ainue boksi moja bila kukwambia lipi. Wewe useme kwa simu ni lipi. Fanyeni mara kumi saa tisa mchana, mara kumi jua linapozama. Ukikosea hata mara moja kati ya kumi jioni, umeshajua umbali huo kwako ni wa kutazama tu, utasogea. Rudia kwa mara 20, mara 30, mara 48, utaona mwenyewe ni wapi picha inaanza kukuongopea. Muuzaji mwungwana atakukubalia jaribio la siku moja ukimwachia pesa. Asiyekubali, angalau mfanye naye lile la tawi na anga.

Jambo moja la usalama, nalisema kwa uzito wote. Darubini ya juu ya bunduki si ya kutazamia. Ukiitumia kutafuta, umeelekeza mtutu kwa kitu usichokijua, na siku moja kitu hicho ni mtoto wa mtu amevaa koti la kahawia. Darubini ndefu inakuondolea kishawishi hicho, na kwangu hiyo peke yake inahalalisha dola zako.

Na usije ukadhani imekuongezea umbali wa kupiga. Ukishahesabu ncha kwa mita 900, kazi ndiyo inaanza: kutazama upepo, kuchagua njia, kusogea mpaka umbali uliouzoea uwanjani wa mazoezi. Ukifika, hesabu tena kwa ile ya macho mawili. Kundi limesogea, dume mwingine anaweza kuwa amejiunga, na uliyempanga huko nyuma siye aliyesimama mbele yako.

Msimu bado haujaanza, una wiki za kujifunza. Ukishapata stendi, hata kabla ya darubini ndefu, shika barabara ya US 34 kutoka hapo kwenu kupitia Loveland mpaka Estes Park, uingie Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain alfajiri. Ndani ya hifadhi hakuna kuwinda, na elki wa pale hawana hofu ya macho. Septemba madume wanashuka Horseshoe Park na Moraine Park kugombea majike, wanalia asubuhi na jioni, unawasikia hata ukiwa garini. Kaa mbali, panga stendi, mpe kijana nafasi ya kwanza. Kila mmoja ahesabu kimya kimya upande wa kushoto, upande wa kulia, aandike kwenye karatasi, ndipo mlinganishe. Mfundishe kuanzia chini kwenda juu: ncha ya kipajini ndiyo ya kwanza, na mwisho wa pembe yenyewe nao unahesabiwa, hapo ndipo wengi wanapokosea kwa moja. Huenda hata Novemba ile wewe ulihesabu ncha ya mwisho na yeye hakuihesabu, na wote wawili mlikuwa mnaona pembe ile ile.

Msalimie mama watoto, na bibi kule kambini. Mkishahesabu madume kumi bila kupishana na kijana, niandikie.